Namna ya Kupata Faragha ya Kusali Katika Nyumba Yenye Watu Wengi

Katika Mathayo 6:6 Bwana Yesu anasema, “Bali wewe usalipo, ingia katika chumba chako cha ndani, na ukiisha kufunga mlango wako, usali mbele za Baba yako aliye sirini.” Mkristo anayeishi katika nyumba ya kupanga, ambamo chumba kimoja ni sebule mchana na ni mahali pa kulala watu watano usiku, na ambamo jirani akikohoa upande wa pili wa ukuta anasikika, anaweza kuyasoma maneno haya na kudhani kwamba hayamhusu, kwa kuwa chumba cha ndani hana, na mlango alio nao haufungwi mpaka watu wote wamekwisha kuingia. Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi kutoka kwa ndugu waaminifu, na kwa miaka kadhaa niliitumia mimi mwenyewe.

Inafaa tuanze kwa kuiondoa. Neno la Kigiriki ambalo Biblia zetu zimelitafsiri “chumba cha ndani” ni tameion, na maana yake ya msingi ni ghala au stoo. Ni neno lile lile linalotumika katika Luka 12:24, pale Yesu anaposema kwamba kunguru hawana ghala wala uchaga. Waliomsikiliza wengi wao walikuwa wakulima na wavuvi wa Galilaya, watu wa nyumba ndogo. Katika Luka 11:7 mtu anayegongewa mlango usiku wa manane anajibu kwamba amekwisha kulala yeye na watoto wake pamoja. Watu wa namna hiyo hawakuwa na chumba kilichotengwa kwa ajili ya sala. Walichokuwa nacho, kama walikuwa nacho, ni kijistoo cha nafaka na mafuta, na humo ndimo Yesu alimowaelekeza, katikati ya mitungi na magunia. Agizo hili, kwa hiyo, lilitolewa kwa watu wanaobanana tangu mwanzo, na anayebanana leo ana haki ya kulisoma kama lililoandikwa kwa ajili yake.

Hatua zinazofuata zimekusudiwa mtu wa kawaida mwenye kazi, familia na uchovu, awe Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana au Mpentekoste. Hazikusudiwi kuchukua nafasi ya ibada ya Jumapili, jumuiya ndogondogo au mkesha wa maombi. Kanisa letu la Afrika Mashariki lina utajiri mkubwa wa kuomba pamoja na kwa sauti, na mtu anaweza kulelewa ndani ya utajiri huo tangu utoto bila kukaa hata mara moja peke yake mbele za Mungu kwa robo saa. Upungufu huo ndio tunaoushughulikia hapa.

Hatua ya kwanza: Chagua saa, kisha uitayarishe tangu jana yake

Soma Marko 1 kuanzia mstari wa 21. Siku ya Sabato, huko Kapernaumu, Yesu anafundisha katika sinagogi, anamtoa mtu pepo mchafu, anamponya mkwewe Simoni, na jua linapokuchwa mji wote unakusanyika mlangoni na wagonjwa wao. Hapo ndipo mwinjilisti anapoandika: “Hata alfajiri na mapema sana akaondoka, akatoka akaenda zake mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko.” Simoni na wenzake wanamfuata na kumwambia, “Watu wote wanakutafuta.” Maneno hayo yalikuwa kweli kabisa. Wagonjwa walikuwepo, haja zao zilikuwa za haki, na bado Bwana alikuwa ameondoka kwenda kuomba. Mtu anayengoja siku ambayo hakuna anayemtafuta ndipo atenge muda wa sala, siku hiyo hataiona, kwa maana hata Mwana wa Mungu hakuipata.

Alfajiri ina faida moja iliyo wazi, nayo ni kwamba watu wa nyumbani hawajaanza kukuhitaji. Wengi wetu katika miji ya pwani huamshwa na adhana ya msikiti ulio jirani, na najua Wakristo ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiinuka kwa sauti hiyo kwenda kusali sala zao, bila kuhitaji kengele nyingine. Hata hivyo Maandiko hayajaifanya alfajiri kuwa sheria. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku, Petro alipanda darini kuomba yapata saa sita mchana, na Bwana mwenyewe alikesha mlimani usiku kucha kabla ya kuwachagua mitume kumi na wawili. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku, mlinzi wa getini, mwokaji wa mikate na dereva wa basi la mikoani wana alfajiri yao wenyewe, ambayo huenda ikaangukia saa tatu asubuhi au saa kumi jioni. Jambo la lazima ni kwamba saa ichaguliwe, itajwe, na iwe ile ile kila siku. Anayesema “nitasali nikipata nafasi” amekwisha kuamua kutosali, ingawa moyoni hakukusudia hivyo.

Anza na dakika 10. Nasisitiza jambo hili kwa sababu waumini wenye bidii hulidharau, na nimewaona wengi wakianza kwa saa nzima baada ya semina iliyowagusa, wakadumu siku nne, kisha wakaacha kwa aibu na kubaki wakiamini kwamba sala ya faragha ni karama ya watu wengine. Dakika 10 zinazofanyika kila siku kwa miezi mitatu zitaomba zenyewe kuongezwa.

Kisha tayarisha saa hiyo tangu usiku. Asiyelala mapema haamki mapema, na hakuna roho ya maombi itakayombadilishia mwili wake. Kabla ya kulala, weka Biblia, daftari na kalamu mahali utakapokaa, weka sweta au kanga ya kujifunika kama ni msimu wa baridi, na uamue utasoma kifungu gani, ili asubuhi usianze kupekua kurasa kutafuta pa kusoma. Maandalizi haya huchukua dakika mbili, na kwa uzoefu wangu yana uzito kuliko azimio lolote linalotamkwa kwa sauti kubwa.

Hatua ya pili: Tafuta stoo yako

Mama yangu alilea watoto saba katika vyumba viwili, na sikumbuki kumwona amepiga magoti kando ya kitanda, kwa sababu kitandani palikuwa na watu. Alisalia jikoni. Jiko letu lilikuwa banda la mabati uani, lisilo na mlango. Aliamka kabla yetu sote, akawasha mkaa, na katika ule muda ambao mkaa unahitaji kushika moto kabla ya kuinjika sufuria ya uji, aliketi kwenye kigoda, akavuta kanga kutoka mabegani hadi ikamfunika kichwa na uso, akailaza mikono mapajani, viganja vikitazama juu. Sisi watoto tulijua. Aliyetoka kwenda chooni alipita mbali na banda, na hata mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa mlizi sana, alijifunza kusubiri kanga ishuke. Mkaa ulipoacha kutoa moshi na kuwa mwekundu wote, kanga ilirudi mabegani na sufuria ikapanda jikoni. Nilipokuwa na nyumba yangu niliupima muda ule kwa jiko langu mwenyewe, nao ni kama dakika 12.

Kanga ile ndiyo iliyokuwa mlango wake. Husimuliwa habari kama hiyo juu ya Susanna Wesley wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1669 na kuzaa watoto 19, ambao karibu nusu yao walikufa wangali wachanga, na ambaye kati ya waliosalia walikuwemo John na Charles, waanzilishi wa uamsho wa Kimethodisti: kwamba alipotaka kusali alijifunika aproni kichwani, na watoto wakaelewa kwamba mama asiguswe. Wanawake wawili wasiojuana, wa mabara mawili na zama mbili, walifika kwenye jibu moja, kwa sababu tatizo lilikuwa moja.

Kwa hiyo tembea nyumbani mwako na katika mtaa wako ukitafuta mahali penye mambo mawili: pasipo mtu anayekuhitaji kwa muda huo, na unapoweza kurudi kila siku. Panaweza kuwa ngazi za nyuma ya nyumba, upande wa ghala la mahindi, kiti cha gari lililoegeshwa kabla ya kuingia kazini, darasa tupu kabla ya kengele, au kivuli cha mwembe shambani. Parokia nyingi za Kikatoliki huacha kanisa wazi mchana, na baadhi zina kikanisa cha kuabudu Ekaristi ambamo kimya kinatunzwa. Makanisa mengine nayo mara nyingi hufunguliwa muumini akimwomba mtunzaji. Mfanyakazi wa nyumbani anayelala katika nyumba ya tajiri wake, au mwanafunzi wa bweni la vitanda thelathini, huenda asipate mahali pengine isipokuwa ndani ya chandarua chake. Chandarua kinatosha. Rudi mahali pale pale kila siku, kwa maana mwili una kumbukumbu, na baada ya majuma machache kukaa tu katika kiti kile kutaanza kuutuliza moyo hata kabla hujatamka neno.

Naomba kuongeza tahadhari, hasa kwa dada zetu. Mahali pasipokuwa na watu katika Galilaya na mahali pasipokuwa na watu pembezoni mwa jiji letu saa kumi na moja alfajiri si kitu kimoja. Usiende ufukweni, makaburini au porini peke yako gizani kwa kudhani kwamba hatari ni sehemu ya imani.

Hatua ya tatu: Patana na watu wa nyumbani

Mume na mke wapatane kwa maneno. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 7:5, anapozungumzia wanandoa kujitenga kwa ajili ya sala, anataka wawe wamepatana na iwe kwa muda, na busara hiyo inafaa hata kwa dakika 10 za kila siku. Mwambie mwenzako saa uliyochagua, mwulize yeye angependa ipi, na umshikie mtoto yeye anapokwenda kusali kama unavyotaka akushikie wewe. Nimeona mahali ambapo sala ya mume imekuwa chanzo cha manung’uniko kwa sababu ilifanyika saa ile ile ambayo maji ya bomba hutoka, na mke akabaki na ndoo peke yake. Sala ya namna hiyo inalipiwa na mtu mwingine, na inafaa ihamishwe.

Wapo wanaoogopa kwamba kumwambia mtu kunavunja agizo la kusali sirini. Agizo hilo linawakataza watu kusali ili watazamwe. Kumwomba jirani apunguze redio kwa robo saa ni kupanga tu, wala hakuna sifa unayoitafuta humo. Waeleze hivyo, kwa upole, halafu usilizungumzie tena.

Hatua ya nne: Simu ikae chumba kingine

Wengi wetu tunasoma Biblia katika simu, na simpingi anayefanya hivyo ndani ya daladala. Lakini kwa muda huu mmoja tumia Biblia ya karatasi, hata kama ni ile iliyochakaa, na simu uiache mahali usipoweza kuifikia kwa mkono. Ujumbe mmoja wa kikundi cha harusi unatosha kuikata sala katikati, na anayeikata ni wewe mwenyewe kwa kidole chako. Kama unaihitaji simu ikuamshe, iweke upande wa pili wa chumba, ili uinuke kuizima kisha uipite.

Hatua ya tano: Jua utakalofanya humo ndani

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wamepata saa, wamepata mahali, wamekaa, na baada ya dakika tatu maombi yao yamekwisha: wameombea familia, kazi, wagonjwa na safari, na sasa hawajui la kufanya. Tumezoea sala inayosukumwa na sauti za wengine, na tukiwa peke yetu tunagundua kwamba hatuna mwendo wetu wenyewe.

Mwendo ninaoupendekeza ni wa zamani. Katika karne ya 12, mtawa aliyeitwa Guigo, mkuu wa monasteri ya Grande Chartreuse katika milima ya Ufaransa, aliufananisha na ngazi yenye vipago vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, na kukaa mbele za Mungu. Alieleza pia kwa mfano wa chakula, kwamba kusoma ni kukitia kinywani, kutafakari ni kukitafuna, kuomba ni kuipata ladha yake, na kukaa mbele za Mungu ni ule utamu wenyewe. Wafugaji watauelewa upesi zaidi mfano wa ng’ombe, ambao watawa wa kale nao waliutumia: anakula upesi malishoni, kisha analala kivulini na kucheua alichokula.

Tuchukue Marko 10:46-52, habari za Bartimayo kipofu, na twende nayo polepole.

Kwanza nyamaza kwa dakika moja au mbili. Kaa mgongo ukiwa wima, miguu chini, pumua kama kawaida, na umwambie Mungu kwa maneno machache kwamba umefika. Maneno ya kijana Samweli yanafaa: “Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia.” Kisha soma kifungu chote kwa sauti ya chini inayosikika na sikio lako tu. Kisome mara ya pili taratibu zaidi, ukiangalia ni neno gani linakusimamisha. Usilitafute neno zuri la kuhubiria. Ngoja tu. Siku moja litakuwa “kando ya njia,” siku nyingine litakuwa “wengi wakamkemea ili anyamaze,” na siku nyingine lile vazi ambalo Bartimayo alilitupa aliporuka kumwendea Yesu, ingawa kwa ombaomba vazi huenda ndiyo mali yote aliyokuwa nayo.

Ukiisha kupata neno, lirudie moyoni na uliruhusu ligusane na maisha yako. Nitatoa mfano wangu. Asubuhi moja nilikuja na orodha ya haja: ada ya shule, kodi ya nyumba, na dawa za mgonjwa. Niliposoma mstari wa 51, “Wataka nikufanyie nini?”, nilitaka kuanza kuisoma ile orodha, na midomo ikakataa. Nilikaa na swali lile kama vile nimeulizwa mimi. Nikaona kwamba ninachokitaka hasa, kilicho chini ya vingine vyote, ni kupatana na mdogo wangu, ambaye kwa miezi minane tulikuwa hatusemezani kwa ajili ya mpaka wa shamba la marehemu baba. Sikuwa nimepanga kuliombea jambo hilo. Nilikuwa nimelizoea. Nikaliomba kwa sentensi moja, na machozi yakaziba nyingine. Ile orodha niliisoma mwishoni, kwa haraka na bila wasiwasi, na jioni nikapiga simu kijijini.

Baada ya kuomba, usiinuke mara moja. Kaa kimya dakika mbili au tatu bila kusoma na bila kuomba kitu. Zaburi ya 131 inaifananisha hali hii na mtoto aliyeachishwa akiwa kifuani mwa mama yake. Mtoto anyonyaye hukaa kifuani akitafuta maziwa. Aliyekwisha kuachishwa hukaa hapo kwa sababu anampenda mama. Kipago hiki cha nne ndicho kinachorukwa zaidi, kwa sababu kinafanana na kupoteza muda, nami naamini kwamba mtu asiyefika hapo, hata mara moja moja, atachoka na sala mapema.

Maliza kwa Sala ya Bwana, polepole. Wakristo wa kizazi kilichofuata mitume walikuwa na desturi ya kuisali mara tatu kwa siku, na desturi hiyo ni ngazi nzuri kwa yeyote anayetaka kuongeza adhuhuri na jioni baadaye. Halafu andika mstari mmoja katika daftari: tarehe, kifungu, na neno lililokusimamisha. Mstari mmoja tu, kwa maana daftari likianza kudai ukurasa mzima litakula muda wa sala.

Wenye sala nyingine waliyorithi, kama vile rozari, masifu ya asubuhi au Sala ya Yesu ya ndugu zetu Waorthodoksi (sentensi fupi ya kumwomba Yesu rehema, inayorudiwa tena na tena), wasiiache kwa ajili ya mwendo huu. Waisali polepole kuliko walivyozoea, na waache nafasi ya kimya mwishoni.

Hatua ya sita: Tarajia mawazo, usingizi na ukavu

Mawazo yatatangatanga, tena mara nyingi ndani ya dakika moja. Usipigane nayo kwa hasira, kwa kuwa hasira nayo ni wazo jingine. Kama ni jambo la kukumbuka, mfano kumlipa fundi au kununua gesi, liandike kwenye karatasi pembeni na urudi. Kama ni wazo tu, rudi kwa sentensi fupi. Yohane Kassiano, aliyekaa na watawa wa jangwa la Misri mwishoni mwa karne ya 4, alifundishwa na wazee wa huko kuushika mstari mmoja tu wa Zaburi ya 70 kwa kila hali: “Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima.” Mstari huo ni mfupi kiasi cha kutoshea katika pumzi moja. Kurudi huko, hata kama ni mara thelathini katika dakika 10, ndiko kusali kwenyewe kwa siku hiyo, wala usihesabu kwamba umeshindwa.

Usingizi ni jambo la mwili, na tiba yake ni ya mwili. Simama, tembea hatua chache uani, nawa uso, au omba kwa sauti. Ukiendelea kusinzia kila siku, hamisha saa au ulale mapema. Wanafunzi watatu walisinzia Gethsemane, na Bwana alipowakemea alikiri pia kwamba “roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu.”

Ukavu ni mgumu zaidi, na ningependa usikushtue. Baada ya majuma kadhaa matamu, huja kipindi ambacho Biblia ni karatasi, maneno yanaanguka mdomoni, na dakika 10 ni ndefu kama safari. Evagrio wa Ponto, aliyeishi jangwani Misri katika karne ile ile ya 4, alimweleza “pepo wa adhuhuri” anayemfanya mtawa aone kwamba jua haliendi na kwamba siku ina saa 50, amlazimishe kuchungulia dirishani kila mara kuona kama saa tisa, saa ya kula, imekaribia, kisha amwonyeshe kwamba Mungu anaweza kuabudiwa vizuri zaidi mahali pengine. Yeyote aliyewahi kukaa kusali na ghafla akakumbuka kwamba kuna vyombo havijaoshwa anamjua huyo. Shauri la wazee wa jangwani lilikuwa moja: usitoke katika chumba chako. Katika kipindi cha ukavu usibadilishe saa, usibadilishe mahali, na usipunguze dakika. Soma zaburi za maombolezo, na uzisome kama zako. Zaburi ya 13 inauliza “hata lini” mara nne, na Zaburi ya 88 inaishia gizani bila kuomba radhi, na zote mbili Kanisa limezitunza katika kitabu chake cha sala. Na siku ambayo hata zaburi haisomeki, kaa tu. Paulo anaandika katika Warumi 8:26 kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, na nafikiri aliyaandika hayo kwa ajili ya asubuhi za namna hiyo.

Nitenganishe hapa jambo moja. Ukavu wa sala humwacha mtu akiendelea na kazi, chakula na mazungumzo yake kama kawaida. Kama usingizi umekatika, chakula hakipiti, na uhai wenyewe umekuwa mzigo, huo ni ugonjwa unaohitaji daktari pamoja na mchungaji, wala kuongeza muda wa maombi peke yake si tiba yake.

Hatua ya saba: Kama wewe ni kiongozi, linda muda huu dhidi ya huduma yako

Mchungaji, padre, katekista, mwinjilisti na mzee wa kanisa wana kishawishi chao maalumu, ambacho nakijua kwa kukaa nacho. Unafungua Biblia alfajiri, unakutana na wazo zuri, na mara moja unaanza kulipanga kuwa mahubiri yenye vipengele vitatu. Mwisho wa muda umeandaa ibada ya Jumapili, nawe mwenyewe hujasemezana na Mungu. Kwa hiyo soma kifungu ambacho hutakihubiri hivi karibuni, usome kitabu tofauti kabisa na kile unachokifundisha, na uweke maandalizi ya mahubiri saa nyingine ya siku. Luka 5:15-16 inaeleza kwamba kadiri habari za Yesu zilivyozidi kuenea na makutano kumiminika, ndivyo alivyokuwa akijiepua kwenda mahali pasipokuwa na watu na kuomba. Sisi tunafanya kinyume chake: ratiba ikijaa, faragha ndiyo inayokatwa kwanza.

Hatua ya nane: Ukikosa siku, na ukitaka kuongeza

Utakosa. Mtoto ataugua, msiba utaingia, utalala kupita saa. Siku inayofuata anza pale pale kwa dakika zile zile. Usilipe deni la siku zilizopita kwa kujilazimisha kusali mara mbili, kwa sababu deni hukua upesi, na mtu anayedaiwa huanza kumkwepa anayemdai. Mungu hajakuandikia deni.

Baada ya miezi mitatu, kama dakika 10 zimekuwa fupi, ziongeze ziwe 15, kisha 20. Mara moja kwa mwezi tafuta saa mbili mfululizo, na mara moja kwa mwaka, kama kazi na fedha zinaruhusu, nenda mafungo ya siku moja au mbili katika nyumba ya watawa au kituo cha kanisa lako, ukiwa na Biblia na daftari lile lile. Lipitie daftari huko. Ile mistari mifupi ya mwaka mzima, ikisomwa kwa mkao mmoja, huonyesha mambo ambayo hakuna siku moja iliyoweza kuyaonyesha: neno lililorudi mara sita, ombi lililoachwa kuombwa kwa sababu limekwisha kujibiwa bila wewe kutambua, na jina la mtu ambaye bado hujamsamehe.

Kwa usiku wa leo yako machache ya kufanya. Chagua saa na umwambie mwenzako. Peleka simu upande wa pili wa chumba. Kisha weka kiti au kigoda pale ulipopaona panafaa, na juu yake uiache Biblia imefunguliwa Marko 10, mstari wa 46.